Bustani Iliyoota Mwitu: Tazama Kwanza, Nunua Baadaye

Mazungumzo na wakazi wa mji wa Tanga, kabla ya mvua za vuli



 Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halifanani na kazi ya idara inayolinda haki za mlaji, nalo ni bustani ya nyumbani iliyoachwa mpaka ikawa mwitu.

Tunalizungumza kwa sababu malalamiko yake hutufikia kila mvua zinapokaribia. Mtu amerithi nyumba ya wazazi, au amehamia nyumba mpya, au amerejea baada ya miaka mingi ya kazi mbali. Anakuta ua umefunikwa na majani mpaka dirishani. Anakwenda dukani na kurudi na dawa ya majani, pakiti za mbegu, miche kumi na tripu moja ya udongo. Baada ya miezi mitatu fedha zimekwisha, miche imekufa, na majani yamesimama pale pale. Ndipo anapokuja kwetu na kuuliza ni nani aliyemdhulumu.

Zipo nyakati ambapo amedhulumiwa kweli, na tutaeleza namna ya kujikinga na namna ya kudai haki. Lakini mara nyingi zaidi kilichomponza ni kutoa fedha kabla ya kutazama. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Katika ua ulioota mwitu, mbachao upo chini ya majani hayo hayo.

Kosa letu wenyewe

Tusijifanye wajuzi tangu kuzaliwa. Miaka kadhaa iliyopita tulikabidhiwa nyumba ya watumishi iliyokuwa imefungwa kwa muda mrefu. Ilikuwa mwishoni mwa Februari, jua la kaskazi likiwaka, nasi tulitaka ua uwe safi kabla ya masika. Tuliita vibarua wawili, tukawaambia wafyeke kila kitu. Kwa siku mbili walifyeka, wakachoma, kisha wakapulizia dawa. Siku ya tatu ua ulikuwa mweupe kama uwanja wa mpira, nasi tukapongezana.

Jirani yetu, bibi mtu mzima, alikuja kusimama langoni. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akatazama ndani kwa muda.

"Wanangu," alisema, "mndimu ule uliwakosea nini?"

Hatukuwa na habari ya mndimu. Ulikuwa umefunikwa na mitambazi, na vibarua waliukata pamoja na vichaka vingine. Mtaa mzima ulikuwa ukichuma ndimu pale tangu mwenye nyumba wa kwanza alipokuwa hai.

Mvua ya Machi ilipofika, ardhi haikuwa na jani la kuipokea. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, ulishuka na maji mpaka mtaroni. Tulinunua tripu ya udongo ili kufidia, na udongo ule ukatuletea ndago ambayo hatukuwa nayo. Tulinunua pia mche wa mchungwa ili kujaza nafasi ya mndimu. Kwa hiyo tulilipa mara nne: kwa kufyeka, kwa dawa, kwa udongo na kwa mche, na ua ukawa maskini kuliko tulivyoukuta. Yote tutakayoyasema leo yametoka katika hasara hiyo, na katika yale tuliyofundishwa baadaye na mabwana shamba na majirani.

Kwanza, soma ua wako

Ingia na mabuti magumu, suruali ndefu, glavu na fimbo. Ingia asubuhi, si usiku wala magharibi. Piga fimbo mbele yako na utembee polepole, kwani nyoka, nge na mizinga ya nyuki hupenda mahali palipotulia. Jihadhari na upupu, ambao manyoya ya maganda yake huwasha vikali. Ukiuona, usiuguse kwa mikono mitupu wala usiuchome.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Nyumba nyingi za zamani zina shimo la choo lililoachwa au kisima kilichofunikwa kwa mbao, na mbao hizo huoza. Kabla ya kuingia, waulize majirani wa siku nyingi yalikuwa wapi. Ukipata jibu, zungushia mahali hapo kamba na uwakataze watoto kusogea mpaka fundi apafukie.

Katika ziara hiyo ya kwanza, kusanya kila kitu kinachoweza kutuama maji: vifuu, matairi, makopo, ndoo zilizopasuka. Mbu anayeeneza homa ya dengue huzaliana katika maji machache namna hiyo na huuma mchana. Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na mwaka 2019. Kazi hii haigharimu hata shilingi, nayo ndiyo inayostahili kutangulia.

Kisha chukua vipande vya kitambaa vya rangi mbili. Funga cheupe kwenye kila mmea unaoujua na kuutaka. Funga chekundu kwenye kila unaoujua na usioutaka. Usioujua, uache bila alama, na usiukate. Mwite jirani mzee atembee nawe. Nusu saa yake inaweza kukuokolea fedha nyingi. Chini ya mitambazi watu hukuta mpera, mstafeli, mchaichai, mrehani, asumini, mashina ya migomba, hata matembele yanayoendelea kutambaa peke yake. Hivyo vyote dukani vina bei.

Vitabu vya nchi za baridi humshauri mwenye bustani kungoja mwaka mzima ili aone kila msimu. Kwetu pwani majani hayangoji mwaka; mwezi mmoja wa mvua watosha kukuzidi nguvu. Inatosha kungoja wiki mbili au tatu baada ya mvua za kwanza, mpaka vile visivyojulikana vitoe majani mapya au maua ya kuvitambulisha. Wakati huo usikae bure: anza kipande kidogo.

Pili, fungua kipande kwa kipande

Pima tuta moja karibu na mlango wa jikoni, upana mita moja na urefu mita tatu. Mita moja ni upana ambao mkono hufika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Fyeka hapo tu. Ng'oa mizizi, kisha funika siku hiyo hiyo. Kwingineko, kata majani yafike usawa wa kifundo cha mguu ili yasitoe mbegu, lakini yaache yashike ardhi.

Kufunika ndiko kunakotofautisha bustani itakayoishi na itakayosombwa. Tandaza majani makavu, nyasi zisizo na mbegu au makuti yaliyochakaa, unene wa kiganja kimoja, na uache nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina la kila mmea ili lisioze. Matandazo huvunja nguvu ya matone ya mvua, hupunguza ukali wa jua, hunyima mwanga mbegu za magugu, na yakioza huwa chakula cha udongo. Mahali palipo na nyasi nyingi, weka kwanza maboksi ya karatasi ngumu yaliyoloweshwa, kisha majani juu yake. Vifaa hivi unavyo, au jirani anavitupa.

Kwa sababu hiyo tunawasihi msichome moto. Moto huteketeza matandazo ambayo ungeyahitaji, huacha udongo uchi, na upepo ukigeuka huweza kufika kwenye paa la makuti la jirani. Majani laini yapeleke kwenye shimo la mboji. Matawi yapange mpakani yaoze taratibu.

Magugu hayafanani, na anayeyatibu yote kwa njia moja hupoteza nguvu. Yale ya msimu mmoja hufa ukiyakata kabla hayajatoa mbegu. Sangari hutambaa kwa vikonyo vya chini ya ardhi, hivyo fuata kila kikonyo mpaka mwisho wake. Ndago ina vinundu vilivyofungamana kama shanga; ukiipiga jembe unakata uzi wa shanga, na kila kinundu huota peke yake. Ichimbue udongo ukiwa na unyevu, kwa uma wa shambani, uitoe na vinundu vyake. Usiitie kwenye mboji. Itandaze juu ya bati juani mpaka ikauke kabisa. Kisha panda matembele mahali hapo, kwani ndago haivumilii kivuli. Mlangamia, ule uzi wa manjano unaovisonga vichaka, hauna mzizi ardhini. Kata tawi lote ulilolikamata na uliondoe, maana kipande kinachobaki huanza upya.

Tatu, kibarua na mapatano yake

Wengi wetu tutahitaji msaada. Msaada ni halali yako na ujira ni halali ya anayekusaidia. Kinacholeta ugomvi ni mapatano yasiyosemwa. Kabla panga halijainuliwa, tembeeni pamoja uani mkaonyeshane vitambaa vyeupe. Andikeni katika karatasi moja mambo manne: eneo litakalofyekwa, mimea isiyoguswa, nani ataondoa taka, na malipo yatatolewa kwa awamu zipi. Ongeza la tano: hakuna dawa yoyote itakayopuliziwa bila idhini yako. Asiyesoma asomewe. Karatasi hiyo humlinda yeye kama inavyokulinda wewe.

Nne, kile tunachokiita dawa

Lugha yetu ina upole unaotuponza. Kiuagugu tunakiita dawa ya majani, na jina la dawa humfanya mtu adhani ni kitu cha kuponya. Ni sumu. Katika ua wa nyumbani ambamo watoto hucheza na kuku huchakura, mara chache sana kuna haja yake. Zipo aina zinazoua kila mmea wa kijani zinaougusa, na zipo zinazoweza kupeperushwa na upepo mwepesi zikamharibia jirani mpapai au nyanya zake.

Ukiamua kununua pamoja na hayo, shika masharti haya. Nunua katika duka lenye kibali, katika chombo cha asili ambacho kifuniko chake hakijafunguliwa. Soma lebo dukani, kabla ya kulipa: iwe na jina la kiambato, namba ya usajili, tarehe ya kwisha muda, na maelezo unayoyaelewa. Anayesimamia viuatilifu nchini ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Bidhaa isiyosajiliwa haina ruhusa ya kuuzwa. Tazama mkanda wa rangi chini ya lebo. Mwekundu ni sumu kali mno. Wa manjano hufuata, kisha wa buluu, kisha wa kijani. Kijani hakimaanishi kuwa haina madhara.

Usikubali kabisa kupimiwa sumu katika chupa ya soda au ya maji, hata kama bei ni nusu. Chupa hiyo haina lebo, haina tarehe, na mtoto mwenye kiu ataijua kwa umbo lake tu. Asiye na fedha za chombo kizima ajue kuwa hahitaji sumu hiyo, jembe litamtosha.

Ikitokea mtu ameinywa, usimlazimishe kutapika. Mkimbize kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na uchukue chombo pamoja na lebo yake, kwa sababu tabibu atahitaji kujua ni kiambato gani. Ikiwa imemmwagikia, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni.

Kabla hatujaliacha jambo hili, neno moja juu ya wadudu. Si kila mdudu ni adui. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, ambao pwani twawaita maji moto, huuma kweli. Lakini juu ya minazi huwawinda wadudu wanaofyonza nazi changa na kuziangusha. Anayewaua kwa sumu huweza kujikuta akiokota vidaka chini ya mnazi wake. Vidukari vichache kwenye mchicha huondoka kwa maji yanayorushwa kwa nguvu, au kwa jani kung'olewa.

Tano, udongo na samadi

Udongo wa sehemu nyingi za mji huu una mchanga mwingi. Hupitisha maji upesi na kupoteza chakula upesi. Dawa yake ya kweli ni mboji na samadi iliyoiva, kidogo kidogo kila msimu. Tripu moja kubwa ya mara moja haimalizi kazi.

Samadi iliyoiva ni nyeusi, huvunjika mkononi, haina joto ndani na hainuki vibaya. Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba mbegu za magugu. Kabla ya kulipa, ingiza mkono katikati ya lundo, si pembeni. Na msinunue kwa kiroba bila kukipima: viroba havilingani, na mchezo wa lumbesa mnaufahamu kutoka sokoni. Pimeni kwa debe la lita 20, mkafananishe bei kwa debe.

Udongo wa kuletwa ndio uliotuumiza sisi. Kwa hiyo mwombe muuzaji akupe ndoo moja ya mfano wiki mbili kabla. Umwagilie, uuweke juani, ungoje. Kitakachoota katika ndoo ndicho kitakachoota katika ua wako. Muuzaji anayekataa kutoa ndoo moja amekwisha kukujibu. Kwa anayetaka kujua zaidi juu ya ardhi yake, mkoa wetu una bahati ya kuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, wilayani Muheza, chenye uzoefu wa miaka mingi katika mambo ya udongo. Afisa ugani wa kata aweza kukuelekeza namna ya kuchukua sampuli.

Sita, mbegu na miche

Mbegu bora huwa katika pakiti iliyofungwa, yenye jina la zao na aina yake, namba ya fungu, tarehe, kiwango cha uotaji, na lebo ya TOSCI, taasisi ya taifa inayodhibiti ubora wa mbegu, ambayo makao yake yako Morogoro. Pakiti iliyokaa kwenye meza juani mbele ya duka, hata ikiwa halali, huenda imekwisha kufa kwa joto. Omba iliyohifadhiwa ndani.

Nyumbani, usipande zote. Chukua mbegu 20, uzikunje katika kitambaa chenye unyevu, uweke kivulini ndani ya sahani iliyofunikwa. Baada ya siku saba hadi kumi hesabu. Zikiota 14, uotaji ni asilimia 70. Linganisha na kilichoandikwa kwenye pakiti. Zikiota tano, usilaumu udongo wala mkono wako. Rudi dukani na pakiti, risiti, na kitambaa chenyewe.

Mche wa matunda utazame kwa mambo matatu. La kwanza, kiriba: mizizi iliyojizungusha kama kamba ndani yake imekaa kitaluni muda mrefu kupita kiasi. La pili, majani: geuza upande wa chini utafute magamba, utando mweupe au vidung'ata, kwani ukinunua mche umenunua na wageni wake. La tatu, ungio la mche uliobebeshwa: liwe limeshikana vizuri na libaki juu ya udongo utakapopanda. Mche uliobebeshwa huzaa mapema kuliko uliooteshwa kwa mbegu, na ndiyo sababu bei yake ni kubwa. Usilipe bei hiyo kwa mche ambao muuzaji hawezi kukuonyesha ungio lake. Baadaye, kila chipukizi litakalotoka chini ya ungio likate, maana hilo ni la shina mama, halitakupa tunda ulilolilipia.

Jihadharini pia na mimea ya mapambo isiyojulikana inayosifiwa kwa kuota upesi. Mkoa wetu una funzo lake. Bustani ya mimea ya Amani, katika Usambara Mashariki, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ilipokea mimea ya kigeni kwa majaribio, na baadhi yake ilivuka mipaka ya vitalu ikaingia msituni, ambako mpaka leo inasumbua. Mmea usiohitaji huduma yoyote kwako huenda usihitaji ruhusa yoyote kwa jirani.

Miti ya zamani ihurumieni. Toa kwanza matawi makavu, kisha yanayosuguana. Usiondoe zaidi ya robo ya matawi mabichi kwa mwaka mmoja. Mti uliozoea kivuli chake mwenyewe ukivuliwa ghafla, gome lake huungua kwa jua letu. Paka chokaa iliyokorogwa kwa maji kwenye shina na matawi yaliyobaki wazi.

Na katika tuta lile la kwanza, panda vitu vinavyolipa upesi ili moyo usichoke: mchicha, unaovunwa baada ya wiki tatu hadi nne, matembele, kwa vipande vya mashina vya kuombwa kwa jirani, bamia, zinazoanza kuzaa yapata miezi miwili. Tuta la pili lifunguliwe pale la kwanza litakapoweza kutunzwa bila shida. Vuli, Oktoba hadi Desemba, yatosha kwa matuta mawili au matatu. Masika, Machi hadi Mei, yaletee miti.

Saba, haki yako

Dai risiti kwa kila ununuzi, hata wa pakiti moja. Hifadhi pakiti tupu mpaka mavuno. Jambo likiharibika, piga picha, andika tarehe uliyopanda, na uache sehemu ya bidhaa bila kuitumia ili iweze kupimwa. Mwendee muuzaji kwanza, kwa heshima na mbele ya shahidi. Wauzaji wengi nao wamedanganywa na waliowauzia, na watafurahi kujua. Akikataa kukusikiliza, njoo kwetu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya ubora wa bidhaa, na Sheria ya Mbegu ya mwaka huo huo ina masharti yake kuhusu mbegu. Lakini sheria hufuata ushahidi. Anayekuja na maneno matupu tunamwonea huruma, na huruma peke yake hairudishi fedha.

Ndugu zetu, tulianza na mndimu, tumalizie nao. Mwezi Juni wa mwaka ule kisiki chake kilitoa machipukizi matatu. Tulikuwa tumekwisha kujifunza kwamba machipukizi ya chini hukatwa, na mmoja wetu akainua panga. Bibi jirani alituzuia. Alitueleza kuwa mndimu ule haukubebeshwa. Uliota kwa mbegu, hivyo shina na tunda ni kitu kimoja, na kinachotoka kisikini ni mndimu ule ule. Tuliacha chipukizi moja lenye nguvu, tukatandaza majani chini yake, tukangoja. Mwaka wa tatu ulizaa. Ndimu za kwanza tulimpelekea yeye. Mche wa mchungwa tulioununua kwa fedha nyingi ulikuwa bado hauna hata ua.

Hatusemi msinunue. Tunasema macho yatangulie mkoba. Mwenye vitambaa viwili vya rangi na subira ya wiki tatu ataingia dukani akijua anachokosa, naye muuzaji ataona mara moja kwamba huyu si wa kumwuzia chochote.

Milango ya ofisi yetu iko wazi siku zote za kazi, na ushauri hautozwi fedha. Mkija, njooni na risiti na pakiti. Tunawatakia vuli njema.